Kadi ya mama si ufunguo wa mtoto

Juma lililopita tuliongea juu ya kazi za nyumbani zinazofanywa gizani moto unapokatika. Juma hili tunabaki palepale nyumbani, lakini tunaongea juu ya kitu kinachowaka hata moto ukikatika: simu.

Tuanze na habari iliyotokea katika likelemba yetu. Mama mmoja alipigiwa simu saa nne ya asubuhi, akiwa sokoni na sombe yake mezani. Mwanaume akamsalimia kwa majina yake yote matatu. Akataja jina la baba yake, jina la mama yake, hata kijiji cha asili ya ukoo. Akasema, “Dada, ni mimi mtoto wa ndugu ya baba. Tuko na kilio huku. Maiti iko, sanduku hakuna.” Nani kati yetu anaweza kusikia neno kilio na majina ya wazazi wake, halafu aanze kuuliza maswali? Mama alituma franka 60.000 palepale kwenye kabini. Jioni alipompigia kaka yake mkubwa kumpa pole, kaka alishangaa. Hakuna aliyekufa.

Tulikaa naye kwenye lupango yake, tukajiuliza: majina yale yote, mtu ameyatoa wapi? Ndipo mtoto wake wa miaka 12 akaanza kulia. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa video na michezo uliomwambia athibitishe kwamba ana miaka 18. Ulitaka picha ya kadi, mbele na nyuma, na picha ya uso. Mtoto alijua kadi ya uchaguzi ya mama inalala ndani ya Biblia. Akaipiga picha. Kwa uso, alikwenda jikoni mama akisonga bukari, akamwambia: “Mamu, ucheke kidogo, nikupige foto.” Mama akacheka. Alifurahi kwamba mtoto anataka picha yake.

Tulipoisikia hiyo tulitaka kucheka na sisi, lakini hatukuweza.

Hatuwezi kuapa kwamba tapeli alipata majina kwenye ukurasa ule. Lakini angalieni kadi yenu wenyewe. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, asili, mahali pa kukaa: yote yako pamoja kwenye kipande kimoja. Anayeishika picha ya kadi hiyo anaushika ukoo mzima.

Sasa tuulize swali kubwa zaidi. Kwa nini kurasa zinaanza kuuliza watu umri wao? Je, ni kitu kibaya? Hapana, wamama. Chanzo chake ni hofu ileile tuliyo nayo sisi.

Nchi nyingi zimechoka kuona watoto wakiingia bure katika picha za uchafu na mikono ya watu wabaya. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, na tangu tarehe 25 mwezi wa saba 2025 kurasa za picha za ngono zinalazimishwa kuhakikisha kwamba anayeingia ni mtu mzima. Australia imekwenda mbali zaidi. Bunge lake lilipitisha sheria mwezi wa kumi na moja 2024, na tangu tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2025 mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na nyingine za aina hiyo. Kampuni isiyochukua hatua inaweza kutozwa faini hadi dola milioni 49 na nusu za Australia. Mtoto na mzazi hawatozwi kitu. Mzigo umewekwa juu ya kampuni, na sisi tunaona hapo wamefanya vizuri.

Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Kulikuwa na swali moja tu: “Umezaliwa mwaka gani?” Mtoto anaandika 1990, mlango unafunguka. Wengi wenu mmesikia kwamba Facebook au TikTok ni kwa miaka 13. Umri huo haukutoka kwa daktari wala kwa mwalimu. Ulitoka katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayokataza kampuni kukusanya habari za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi. Kampuni ziliona rahisi kuandika “miaka 13” mlangoni, halafu zikaacha mlango bila mlinzi.

Katika kalasa yetu ya mwaka wa saba tuliuliza siku moja, bila kutaja jina la mtu: nani ana akaunti? Mikono ilinyanyuka mingi. Tukauliza: kwa mwaka gani wa kuzaliwa? Kama tungeamini majibu yale, nusu ya kalasa yetu ilizaliwa kabla yetu sisi walimu wao.

Na msidhani ni mchezo tu. Msichana mmoja tuliyemfundisha, wa miaka 12, alikuwa na rafiki wa simu aliyejiita msichana wa miaka 13 wa hapahapa mjini. Waliandikiana miezi miwili: nywele, nyimbo, walimu wasiopendwa. Halafu rafiki akaanza kuomba picha. Kwanza picha ya uso, baadaye picha nyingine. Siku mtoto alipokataa, rafiki akaandika kwamba zile za kwanza atazituma kwa baba na masomoni. Siku hiyo sauti ikabadilika. Hakuwa msichana tena. Mtoto alikaa siku tisa bila kula vizuri, anasinzia kalasani. Tulipomwita pembeni alisema neno moja ambalo bado linatusumbua: “Mwalimu, niliogopa mama kuliko yeye.”

Kwa hiyo mtu akituambia sheria za umri ni upuuzi wa wazungu, sisi hatukubali. Yule mwanaume alijiita mtoto kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Lakini mtu akituambia kwamba sheria kama zile za Australia zikiletwa hapa kesho watoto wetu watakuwa salama, hiyo pia hatukubali. Tunawapa sababu tatu, na zote tunazijua kutoka lupango zetu wenyewe.

Sababu ya kwanza ni karatasi. Ili kuhakikisha umri, lazima umri uwe umeandikwa mahali. Uchunguzi mkubwa wa watoto na familia uliofanyika nchini mwetu mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, karibu 40 tu ndio waliokuwa wameandikishwa. Wengine 60, kwa karatasi, hawajazaliwa. Sisi watu wazima tunatumia kadi ya uchaguzi kama kadi ya utambulisho, na mnajua wenyewe hizi za 2023: wino umefifia mpaka uso wa mtu unafanana na kivuli. Tarehe 30 mwezi wa sita 2023 Rais alipokea kadi ya kwanza ya utambulisho wa taifa, lakini wengi wetu tungali tunangoja yetu.

Kuna wanaosema: basi mashine iangalie uso tu, ikadirie miaka. Mwaka 2024 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilijaribu programu sita za kazi hiyo. Hakuna iliyokuwa bora kwa watu wote, na karibu kila mara makosa yalikuwa mengi zaidi kwa nyuso za wanawake kuliko za wanaume. Tunaijua hali hiyo bila mashine. Binti wa miaka 13 akiwa mrefu, barabarani wanamwita mama. Mwenzake wa miaka 17, mwembamba, wanamrudisha mlangoni. Mashine inaweza kukosea kama wale wa barabarani, halafu hakuna wa kubishana naye.

Sababu ya pili ni simu yenyewe. Zile sheria zimetungwa kwa nyumba ambapo kila mtu ana simu yake. Kwetu simu moja inakula na watu sita. Asubuhi ni ya mama kwa biashara, mchana ni ya yaya kwa masomo, jioni ni ya wadogo kwa katuni. Namba imeandikishwa kwa jina la mama. Akaunti ni ya mama. Ukurasa ukishahakikisha kwamba mama ni mtu mzima, umefungulia lupango nzima mpaka mtoto wa miaka mitano. Mtoto wa likelemba yetu alilielewa jambo hilo kabla yetu: hakuhitaji kuwa na miaka 18, alihitaji mama mwenye miaka 18.

Sababu ya tatu ni mahali kadi inapokwenda baada ya kupigwa picha. Hata kampuni kubwa zinashindwa kulinda walichopewa. Mwezi wa saba 2025 kulitokea aibu ya programu ya Marekani iitwayo Tea. Ilikuwa ya wanawake tu, ya kuonyana juu ya wanaume wabaya, na ili kuthibitisha kwamba wewe ni mwanamke ulitakiwa kutoa picha ya uso au kadi. Wezi waliingia, picha kama 72.000 zikatoka nje, na kati yake kama 13.000 zilikuwa nyuso na kadi za wanawake waliokuwa wanatafuta usalama. Mwezi wa kumi mwaka huohuo kampuni ya Discord, inayopendwa na vijana wa michezo, ilitangaza kwamba picha za kadi za watu kama 70.000 huenda zimeonekana na wezi, kupitia kampuni nyingine iliyokuwa ikiisaidia. Nyingi zilitolewa kwa sababu ya maswali ya umri.

Kama hao wenye makuta, mawakili na mafundi wanaibiwa, tuseme nini juu ya ukurasa usio na jina wala anwani? Wengine hata hawaibiwi. Wao ndio wezi. Kadri sheria za kweli zinavyozidi duniani, ndivyo matapeli nao wanavyojifunza kuuliza, “Thibitisha umri wako.” Swali limekuwa la kawaida, na kitu cha kawaida hakishtui mtu.

Na sheria yetu je? Ipo, wamama. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18, na inaadhibu wanaotengeneza, wanaosambaza na hata wanaoweka picha za ngono za watoto. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inasema habari zako ni zako: anayezichukua lazima uwe umekubali, na una haki ya kuuliza amezifanyia nini, kuzisahihisha na kuomba zifutwe. Sheria hizo ni zetu, na tuzijue. Lakini sheria haiketi usiku karibu na kitanda cha mtoto.

Kabla hatujafika kwenu, tujinyooshee kidole sisi walimu. Siku ya proklamasio tunapiga picha watoto na pointi zao, na jioni zimejaa katika magrupu ya WhatsApp, jina, kalasa na masomo yakisomeka vizuri kwenye uniforme. Nani alimuuliza mzazi? Huko Nairobi, mwezi wa tisa 2023, ofisi ya serikali ya Kenya inayolinda habari za watu iliipiga shule moja faini ya shilingi 4.550.000 kwa sababu ilitangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Tuliposoma habari ile tulifungua simu zetu, tukafuta. Kuanzia mwaka huu kalasani kwetu hakuna picha ya mtoto inayotoka kabla ya mzazi kusema ndiyo.

Sasa, mambo ya kufanya juma hili. Hayahitaji makuta.

Kwanza, kadi ya uchaguzi haipigwi picha kwa ajili ya ukurasa wowote wa video, michezo, mapenzi au zawadi. Itoe mwenyewe, kwa mkono, mahali unapopajua: komine, benki, ofisi ya mtandao wako wa simu. Itoe ndani ya Biblia kama kila mtoto anajua iko pale. Na kama kuna picha ya kadi ndani ya simu yako, uliyoituma siku moja kwa mtu wa kazi, ifute leo.

Pili, ukurasa ukimuuliza mtoto kama ana miaka 18, jibu la nyumba yenu liwe moja: “Sina. Ninafunga.” Mfundisheni kwamba swali hilo ni kama bango la mlango wa baa. Halimkaribishi ajitetee, linamwambia arudi.

Tatu, wekeni kode ya siri kwenye simu, na kode nyingine kwenye makuta ya simu. Tarehe ya kuzaliwa ya kitinda mimba si kode. Kila mtu kwenye lupango anaijua. Katika WhatsApp ingieni palipoandikwa Confidentialité, halafu Groupes, mchague watu mnaowajua tu ndio waweze kuwaingiza katika grupu. Mkishindwa, mleteni simu siku ya likelemba, tutafanya pamoja.

Nne, kama mtoto ana akaunti yenye mwaka wa uongo, msianze na fimbo. Kaeni naye mrekebishe tarehe. Kampuni nyingi zinawapa watoto wanaojulikana kuwa watoto ulinzi fulani: mgeni hawezi kuwaandikia ovyo. Mtoto aliyejiandika miaka 35 anaukosa. Uongo wake unamvua nguo katikati ya watu wazima. Na kama hajafikisha 13, akaunti ifungwe, aongee na bibi yake kwa simu yako.

Tano, mtu akikupigia na kilio, hata akitaja majina ya ukoo mpaka babu wa babu, kata simu kwa heshima na umpigie ndugu unayemjua kwa namba uliyo nayo. Kilio cha kweli kinaweza kungoja dakika tano.

Sita, mtoto akitishwa kwa picha, msilipe, msitume nyingine, na msifute maneno yale kabla hayajaonekana na wanaohusika. Yanakuwa ushahidi. Nendeni polisi inayoshughulikia watoto na wanawake, na mje kwetu walimu. Msichana yule wa miaka 12 leo anakaa kwenye benchi ya mbele na amerudi kucheka. Mama yake hakumpiga. Alimkumbatia kwanza, maswali yakaja baadaye. Kesi ilianzia hapo kuwa nyepesi.

Saba, wale wenye watoto wachanga: sheria ya familia inakupa siku 90 tangu kuzaliwa umwandikishe mtoto kwenye komine, na kuandikisha ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, njia inapitia tribinali ya watoto, na mnajua safari hiyo inavyochosha. Msione tunajipinga. Tunasema karatasi ya mtoto itafutwe, halafu ifichwe. Ni ya komine, ya masomo, ya hospitali na ya hakimu. Siku nchi yetu itakapotunga sheria yake ya umri kwenye intaneti, na itafika, na sisi wamama tuwe tumekwisha kusema tunachotaka: kampuni ibebe mzigo, mashine isitupime kama ng'ombe, na anayeangalia karatasi aiangalie na kuirudisha bila kubaki na nakala. Hata Australia imekataza kampuni kudai kadi ya serikali kama njia pekee, na inazitaka zifute walichokusanya kwa kazi hiyo.

Mnataka kujua yaliyompata mtoto wa likelemba yetu. Mama yake alituuliza mbele yake: “Mwalimu, nimupige ao nimuache?” Tulimjibu kwamba mtoto aliyelia kabla ya kukamatwa amekwisha kufanya nusu ya kazi yetu. Tukienda naye wote watatu kwenye ofisi ya mtandao, tuliuliza namba ngapi zimeandikishwa kwa jina la mama. Moja tu, yake mwenyewe. Tulishusha pumzi.

Zile franka 60.000 hazijarudi, na hatudhani zitarudi. Likelemba ilikubali mama apokee zamu yake mapema ili sombe isikose mezani. Mtoto sasa ndiye anayewaonyesha wamama wengine palipo na Confidentialité, kila Jumamosi, mama yake akiwa amekaa pembeni. Juzi alimwomba tena ampige foto. Mama alimuuliza kwanza, “Ya nini?” Akajibu, “Ya kwangu.” Mama akatengeneza kitambaa chake, akacheka.

Juma lijalo tutaongea juu ya minerval na mzazi anayelipa kwa vipande. Mbaki salama.